Nani Atamuosha Mtu wa Shimo la Rémy

Mtu wa kwanza kuniambia habari hii alikuwa Suzanne, mkunga wa mtaa wetu, naye aliniambia siku ya Jumatano alfajiri, mikono yangu ikiwa bado ndani ya unga wa mikate. Benchi letu liko Bunia, kando ya barabara inayoshuka bondeni kwa wafyatua matofali: ubao mmoja juu ya matofali, jiko langu la makaa, birika la kahawa ya tangawizi, na vumbi la pikipiki. Wanaokaa hapo kila siku ni watatu. Eugène ni shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu. Tunamwita Dosie kwa sababu hatembei bila faili yake kwapani. Zacharie ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki; anaitwa Klaksoni, yaani honi, na sababu mtaisikia wenyewe. Rémy anafyatua matofali. Anaitwa Udongo, hata siku ya Jumapili akiwa amevaa suti. Mimi ni Mama Néhémie. Namimina kahawa na kunyamaza. Benchi lina sheria moja tu: kabila la mtu linabaki nyumbani kwake. Mengine yote yanaruhusiwa.

Jumatatu ya juma lile, jembe la Rémy liligonga mifupa ya mtu. Huku kwetu, mfupa ukitoka ardhini, watu hawasemi kitu kwanza. Kila mmoja anahesabu moyoni watu wake waliopotea wakati wa vita. Polisi walifika, daktari naye akafika, wakashuka shimoni, wakakaa muda mrefu. Walipopanda walisema kwamba huyu ni wa zamani sana. Alilala chini kupita kimo cha watu wawili, chini ya tabaka la majivu, hana nguo, hana kifungo, hana chuma. Pembeni yake kulikuwa na jiwe pana lenye shimo katikati, na jiwe dogo la mviringo. Waliandika karatasi, wakaturuhusu tumzike tena vizuri. Hapo ndipo watu walipopumua. Kesho yake wakaanza kumpenda.

Eugène alipanga mazishi yawe Alhamisi saa moja asubuhi. Mifupa ililazwa kwenye hangari, banda la kukaushia matofali, juu ya turubai safi. Na kwa kuwa sheria ya benchi ilikataza kuuliza alikuwa wa kabila gani, lilibaki swali moja tu la kugombania: alikuwa mwanaume ao mwanamke?

Suzanne hakugombana na mtu. Alipita hangarini peke yake kabla ya jua kutoka, kisha akaja kwangu akiwa na sanduku la chanjo begani.

— Mama Néhémie, ule si muzee. Ule ni mama.

— Unajua je?

— Leta unga wako.

Alichukua donge la unga, akalilaza kwenye meza, akaligawa vipande viwili, akakata kona katika kila kimoja kwa kisu. Moja ilikuwa nyembamba, nyingine pana.

— Mufupa wa nyonga uko na kona hapa nyuma. Shuleni mwalimu wetu Mathieu alikuwa na sanduku la mifupa ya zamani, alitufundisha kuweka kidole gumba. Weka hapa.

Nikaweka katika kona nyembamba. Kidole kilibanwa.

— Huyo mara nyingi ni mwanaume. Sasa hapa.

Nikaweka katika kona pana. Kidole kilicheza huku na huku, kama mtoto kitandani.

— Huyo mara nyingi ni mwanamke. Na mbele, pale mifupa miwili inakutana, angalia upinde. Wa mwanaume uko hivi. Akafungua vidole viwili, cha shahada na cha kati. Wa mwanamke uko hivi. Akafungua gumba na cha shahada, mlango mpana. Huu wa hangari uko mupana, na kidole kinacheza. Paji la uso ni laini. Kale kadonge nyuma ya sikio ni kadogo. Kitu kimoja kinaweza kudanganya, maana kuna wanaume wenye paji laini. Lakini vyote vikisema neno moja, mie nasikiliza.

— Na mikono? Wanasema iko minene.

— Mikono! Mathieu alitusomea kwamba kuna wataalamu walipima mifupa ya wanawake wa zamani sana, wale wa kulima na kusaga. Mikono yao ilikuwa na nguvu kupita ya wanawake wa leo wanaoshindana kupiga kasia. Wanaume wakiona mukono munene wanasema mwanaume, kwa sababu hawajawahi kuangalia mukono wako.

Nikaificha mikono yangu chini ya unga.

— Mie naenda Iga Barrière, narudi Ijumaa. Kule simu haishiki. Weye waambie watu wako wa benchi kabla hawajamuzika.

— Mie?

— Weye. Mudomo uko nao, ao ni wa kuonjea sukari tu?

Akapanda pikipiki, akaenda. Mimi nikabaki na kona mbili za unga. Lazima niseme ukweli: sijui kusema mbele ya wanaume. Shuleni nilikaa nyuma kwa sababu ya urefu wangu, na kwa sababu ya mikono hii waliniita Kapita, kama msimamizi wa vibarua. Nilimaliza la sita nikiwa nimesema labda maneno mia moja. Basi nikazitupa zile kona kwenye mafuta ya moto pamoja na mikate mingine, nikajiambia nitasema wakishakunywa.

Zacharie alifika kwanza, akipiga honi ingawa barabara ilikuwa tupu. Akala mikate miwili ya kwanza.

— Hii iko na umbo gani leo? Kama matako ya mbuzi.

Nikanyamaza. Ushahidi wa Suzanne ulikuwa unashuka kooni mwake.

Rémy alikuja na kamba yake ya kupimia ukuta, imefungwa fundo.

— Toka mwanzo mpaka kwenye fundo, njo mufupa wake wa paja. Nimepima jana. Simama, Zacharie.

— Nisimame kwa nini?

— Tupime.

— Pima ya Dosie anakuja pale. Paja yangu iko kazini.

Walimpima Zacharie kwa nguvu. Fundo lilipita goti lake vidole vinne. Wakampima Eugène, faili ikiwa bado kwapani. Likapita vidole viwili. Rémy akajipima mwenyewe, na fundo likakaa juu ya goti lake sawasawa. Wakatazamana wote watatu. Mtu aliyelala chini ya majivu, hakuna anayejua miaka mingapi, alikuwa anasimama sawa na Rémy.

— Mungu wangu, Rémy akasema polepole. Alitembea hapa. Alikuwa anaona kilima hiki hiki.

— Alikuwa mwanaume, Eugène akasema, akafungua faili. Imekwisha. Mwanamke gani wa zamani alikuwa na paja hii?

— Na mukono! Rémy akasema. Kwenye mufupa wa juu iko alama pale nyama ilikuwa inashika, kama mashikio ya sufuria. Mie nachimba udongo miaka kumi na mbili, sina vile. Ule alikuwa muchimbaji.

— Muchimbaji? Zacharie akaruka. Weye kila mutu mwenye mukono ni muchimbaji! Ule alikuwa muntu wa mukuki. Tembo anakuja, weye unakimbia, yeye anabaki. Paaa! Anamutupa mukuki hapa.

— Mukuki uko wapi? Hatukuona chuma.

— Alirusha. Ulibaki ndani ya tembo.

— Na jiwe?

— Jiwe ya kumalizia tembo.

Eugène alisafisha koo. Akisafisha koo, watu wote husubiri, kwa sababu yeye ndiye anayetia sahihi karatasi zao.

— Munaongea kama watoto. Muwindaji hawamuziki na kitu kizito vile. Huyo alikuwa shefu. Jiwe kubwa ilikuwa meza yake ya kuamulia mambo. Jiwe ndogo ilikuwa kashe, muhuri wake.

— Kashe ya nini? Hakukuwa na karatasi.

— Alikuwa anagonga tu. Akigonga mara moja, umeshinda. Mara mbili, umeshindwa.

— Lakini Dosie, Rémy akasema, ile jiwe mie naona inafanana na ya kusagia. Bibi yangu alikuwa nayo.

— Jiwe ya kusagia hawawezi kuizika na shefu. Kwa hiyo si ya kusagia.

Rémy akafikiri jambo hilo kwa muda mrefu. Halikumwingia, lakini hakuona mahali pa kulishika.

— Tena musisahau, Zacharie akasema, mifupa inakauka. Samaki mubichi iko hivi, ikikauka inakuwa hivi. Huyu wamemupima kisha kukauka! Akiwa muzima alikuwa mètres tatu. Miguu inagusa chini hata kama amekaa kwenye mti.

— Mètres tatu atapitaje mulangoni?

— Hakuwa na mulango. Ulisikia ya kwamba alikuwa na mulango?

— Na wanawake wa wakati ule? Rémy akauliza.

— Wadogo, Eugène akasema, bila kuangalia kwangu. Nimesoma. Wanaume walikuwa wakubwa, wanawake wadogo, wembamba, wanakaa kivulini. Mifupa yao haikai udongoni, ni laini, inakuwa vumbi. Njo maana ukichimba unakutana na wanaume tu.

Nilishika birika. Mwanangu Néhémie alikuwa amelala mgongoni mwangu. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki:

— Niongeze kahawa?

— Ongeza, mama.

Nikaongeza. Eugène akatoa ndani ya faili kipande cha katoni, alichokuwa amekiandika kwa mkono wake mzuri: HAPA AMELALA MUZEE MKUBWA WA ZAMANI, BABA WA MTAA. Wakakisoma mara mbili. Rémy akavua kofia. Nami pia niliona ni maneno mazuri, na ndiyo sababu yaliniuma. Niliwaza yule mtu kule hangarini, akisubiri miaka yote hiyo chini ya majivu, halafu anatoka, anapewa heshima, na heshima yenyewe inampita na kwenda kwa mtu mwingine ambaye hakuwahi kuwapo.

Wakati huo mama mmoja mzee alisimama kando ya jiko, akatua beseni la samaki wakavu. Hatukumjua. Alisema anaitwa Rebecca, ametoka Mahagi kumtembelea binti ya dada yake, na anasubiri pikipiki.

— Kaa, mama, Zacharie akasema, akamsogezea nafasi. Pikipiki ni mie. Tunamaliza tu mambo ya mazishi.

— Poleni. Mumefiwa na nani?

— Na muzee wa zamani, Eugène akasema. Wamemukuta ndani ya shimo. Kesho tunamuzika kwa heshima. Programu iko hapa. Saa moja, wimbo. Saa moja na robo, maombi. Saa moja na nusu, hotuba ya shefu. Saa mbili na nusu, kufunika.

— Hotuba ya saa nzima?

— Ni muntu wa miaka mingi, mama.

Mama Rebecca alipokea kikombe, akapuliza, akanywa kidogo. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

— Na nani atamuosha?

Eugène akaangalia programu. Akageuza karatasi, akaangalia nyuma yake. Akafungua faili.

— Wanaume, akasema. Wanaume watamuosha.

— Kama ni mwanaume, sawa. Munajua?

Zacharie akaondoa kidole kwenye honi, ambayo yeye huigusagusa wakati wote.

— Alitoka na udongo mwilini, mama yule akasema. Hamuwezi kumurudisha na udongo. Lazima mutu amushike, amusafishe kichwa, mikono, nyonga. Kama alikuwa mama wa watu, na ninyi wanaume mukamushika nyonga…

Akaweka kikombe chini.

Zacharie alikuwa anaangalia chini.

— Mama yangu alipokufa, akasema, walinitoa inje. Mie mutoto wake mwenyewe. Waliniambia, Zacharie, toka, wamama wanaingia. Nilisimama nyuma ya nyumba mpaka walipomaliza. Sikukasirika. Ilikuwa haki yake.

Sijawahi kumsikia Klaksoni akisema kwa sauti ya chini namna ile. Nadhani ni sauti hiyo iliyonifungua.

— Ni mama, nikasema.

Wote watatu wakageuka. Walishangaa kama birika ndilo lililosema.

— Unasema nini, Mama Néhémie?

— Mutu wa shimo. Ya Suzanne, dada yetu mukunga, aliingia hangarini asubuhi, akaweka kidole gumba kwenye kona ya nyonga. Kidole kilicheza. Upinde wa mbele uko hivi, si hivi.

Nikawaonyesha kwa vidole. Eugène akajaribu vile viwili, kisha gumba na cha shahada, akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine.

— Tena nyuma ya sikio, kadonge ni kadogo. Muguse yenu.

Wanaume watatu wa Bunia wakapeleka vidole nyuma ya masikio yao. Mama Rebecca naye akagusa lake, kisha akanyoosha mkono bila kuomba ruhusa, akagusa la Eugène.

— Ee! Hii ya shefu iko kama yai.

— Lakini paja! Eugène akasema, akifunika sikio lake kwa mkono. Kamba haidanganyi. Mwanamke gani iko na paja ya vile?

Mama Rebecca aliniangalia kuanzia miguuni, polepole, mpaka juu. Akachukua kamba kwenye mikono ya Rémy.

— Binti yangu, simama hapa.

Nilitaka kukataa. Nilisimama. Alishikilia mwanzo wa kamba kwenye nyonga yangu, juu ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, akaivuta mpaka chini. Fundo lilikaa juu ya goti langu kama lilivyokaa juu ya la Rémy.

— Basi naye huyu muzikeni, akasema. Baba wa mtaa.

Zacharie alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu hakuna mwingine aliyecheka. Walikuwa wanaangalia mikono yangu. Tangu nina miaka minane natwanga sombe, majani ya muhogo, nabeba bidoni za maji, nakanda unga. Kwa mara ya kwanza sikuificha.

— Labda wanaume wa zamani walikuwa warefu kuwapita wanawake, kwa hesabu ya wengi, nikasema. Lakini ndani ya kaburi hawalali wengi. Analala mutu mmoja.

— Na jiwe, Rémy akanong'ona, ilikuwa ya kusagia. Nilisema. Bibi yangu alikuwa anapiga magoti mbele yake toka asubuhi. Mukono wake ulikuwa kama wa baba.

Akachukua kamba yake, akaendelea:

— Fikiria. Alisaga mpaka jiwe ikafanya shimo. Ni unga wa siku ngapi ule? Ni watu wangapi walikula?

Kila mtu aliangalia upande wa bonde. Nilihisi kana kwamba bonde lote lile lilikuwa limekula kutoka mikononi mwake.

Eugène alifunga faili, akaifungua tena.

— Mama Néhémie, weye uliona kwa macho?

— Hapana. Niliambiwa.

— Ya kuambiwa mie siwezi kuandika. Na Suzanne hayuko, na mazishi ni kesho, watu wameitwa. Mutu aingie hangarini aweke kidole. Mwanaume hawezi, kama ni mama. Akaniangalia, safari hii machoni kabisa. Na mwanamke, kama ni muzee, atakuwa amemushika muzee wa watu nyonga. Hiyo nayo ni kosa kubwa. Nani atakubali?

Kahawa ilikuwa imekwisha. Niliinamisha birika, likatoa tangawizi tupu.

— Mie, nikasema.

Kesho yake asubuhi sikukanda unga. Nilikwenda hangarini saa kumi na mbili pamoja na Mama Rebecca, aliyerudi kutoka kwa binti ya dada yake, Néhémie akiwa mgongoni. Eugène, Rémy na Zacharie walikuwa wamekwisha kufika. Walisimama mlangoni, hawakuingia.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na mkubwa pia. Sijui kulieleza vizuri. Mifupa ilikuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa. Paji lake lilikuwa laini kama la mtoto wangu. Nilipiga magoti, nikasema pole, kwa sababu sikujua neno lingine la kumwambia mtu wa umri ule. Nikatafuta nyuma ya nyonga, nikakuta kona, nikaingiza kidole gumba.

Kilicheza.

Nilijaribu upande wa pili. Kikacheza. Niliweka gumba na kidole cha shahada chini ya upinde wa mbele, vikaenea sawasawa. Kisha nilibaki pale muda, mkono wangu ukiwa mahali ambapo labda watoto walipita kuja ulimwenguni, na mimi nikiwa na wangu akipumua shingoni mwangu.

— Inacheza? Eugène akauliza kutoka inje.

— Inacheza.

— Pande zote?

— Zote, papa shefu.

Nilisikia kalamu yake ikikwaruza katoni. Baadaye niliona kwamba alikata MUZEE MKUBWA, akakata BABA WA MTAA, na mahali pao aliandika neno MAMA peke yake. Hotuba nayo aliikunja, akaitia mfukoni.

— Wanaume, akasema, turudi nyuma.

Wakasogea mbali, wakakaa juu ya matofali mabichi wakitugeuzia mgongo, Zacharie akiwa katikati. Mama Rebecca akakunja mikono ya blauzi yake. Nilitandika kikwembe changu kipya, kile nilichopewa Néhémie alipozaliwa. Birika langu lilikuwa limejaa maji ya moto mpaka juu, nami nikaanza kumimina polepole, nikianzia kichwani. Kule inje hakuna aliyeomba kahawa.